Maziwa, Kibuyu na Mwili: Desturi Iliyotangulia Jeni katika Bonde la Ufa

Swali la namna binadamu atakavyokuwa baada ya miaka elfu tano huulizwa mara nyingi kana kwamba jibu lake limo katika maabara na mashine zitakazobuniwa, ilhali sehemu kubwa ya jibu hilo imekwisha kuandikwa katika mazizi, vigae na makaburi ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Mageuko, yaani mabadiliko ya polepole ya urithi wa kibiolojia wa jamii nzima kutoka kizazi hadi kizazi, hayakukoma pale binadamu alipopata umbo alilo nalo leo; yaliendelea baada ya kilimo na ufugaji kuanza, na katika eneo lililo kati ya Ziwa Turkana na nyanda za Mbulu yaliendelea kwa kasi ambayo wanabiolojia wameishuhudia katika mifano michache tu ya binadamu. Linalostahili kuzingatiwa zaidi katika historia ya eneo hilo ni mfuatano wa matukio yake: watu walianza kwanza kukama na kunywa, wakabuni vyombo na ujuzi wa kuyatunza maziwa, na mwili ukawafuata nyuma kwa mwendo wa vizazi vingi. Kwa hiyo anayetaka kujua mwili wa binadamu unaelekea wapi hana budi kwanza kuuliza desturi zake zinaelekea wapi.

Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya binadamu mwenyewe yana sukari iitwayo laktosi, ambayo haiwezi kupenya ukuta wa utumbo mwembamba mpaka ivunjwe kuwa sukari mbili ndogo zaidi, glukosi na galaktosi. Kazi hiyo hufanywa na laktasi, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Mtoto mchanga huzaliwa na laktasi tele, lakini kwa mamalia karibu wote, na kwa takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani, utengenezaji wake hupungua baada ya kuachishwa ziwa, kwa kuwa mwili hauoni haja ya kuendelea kutengeneza zana ya chakula ambacho kwa kawaida hakirudi tena. Mtu mzima wa hali hiyo akinywa kwa wingi maziwa ambayo hayajaganda, laktosi hupita bila kuvunjwa hadi utumbo mpana, bakteria huichachua na kutoa gesi, maji huvutwa kuingia utumboni, na tumbo huunguruma, hujaa na kuharisha. Hapo hapana ugonjwa wowote, kwani hiyo ndiyo hali ya asili ya binadamu, na wanaoyameng'enya maziwa hadi uzeeni ndio waliobadilika.

Ukweli huo ulichelewa kutambuliwa, na kuchelewa kwake kuna historia yake. Hadi miaka ya 1960 madaktari wa Ulaya na Marekani waliuchukulia mwili wa mzungu kuwa kipimo cha miili yote, wakaamini kwamba mtu mzima anayesumbuliwa na maziwa ana kasoro. Mwaka 1965 utafiti uliofanywa Baltimore ulionyesha kwamba Wamarekani weusi na weupe wanatofautiana sana katika jambo hilo, na mwaka uliofuata G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya vipimo vilivyofanywa Uganda, ambako Waganda na watu wengine wa jamii za wakulima kwa kawaida hawakuwa na laktasi ya kutosha utu uzimani, ilhali Wahima na Watutsi, ambao mababu zao waliishi kwa ng'ombe, kwa kawaida walikuwa nayo. Tofauti hiyo, iliyoonekana baina ya watu waliokuwa majirani katika nchi moja, ilikuwa na uzito kuliko ile ya Baltimore, kwa sababu ilielekeza macho kwenye zizi badala ya rangi ya ngozi. Hata hivyo hali ya Waganda iliitwa upungufu, na jina hilo limebaki vinywani mwa wengi hadi leo, ingawa linaiita kasoro ile hali ambayo binadamu wote walikuwa nayo kabla ng'ombe wa kwanza hajakamwa.

Ng'ombe huyo hakuzaliwa katika Bonde la Ufa. Mifugo iliingia kutoka kaskazini, na dalili zake za mapema zaidi nchini Kenya zimefukuliwa kandokando ya Ziwa Turkana, katika maeneo kama Dongodien upande wa mashariki, wakati ambapo mvua zilizokuwa zimeistawisha Sahara zilikwisha kupungua na maji ya ziwa lenyewe yalikuwa yakirudi nyuma. Upande wa magharibi wa ziwa, mahali paitwapo Lothagam, wafugaji wa kwanza walijenga kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita makaburi makubwa yenye nguzo za mawe, ambamo walizikwa watu wasiopungua 580, watoto kwa wazee, karibu wote wakiwa na mapambo yao. Kutoka hapo kwenda kusini safari ilisimama. Ilipita miaka elfu moja na zaidi kabla mifugo haijaenea katika nyanda za kati za Kenya na kaskazini ya Tanzania, na mwanaakiolojia Diane Gifford-Gonzalez ameeleza kuchelewa huko kwa magonjwa ambayo ng'ombe wa kaskazini hawakuyajua: nagana inayoenezwa na mbung'o, ndigana inayoletwa na kupe, na homa kali ambayo ng'ombe huipata kwa kulisha karibu na nyumbu waliotoka kuzaa. Maelezo hayo yana nguvu, na yanakumbusha kwamba uchaguzi asilia, yaani mchujo unaowaacha hai na kuwazalisha zaidi wale wenye sifa zinazofaa mazingira, uliwapitia wanyama kama ulivyowapitia wenye wanyama.

Katika wafugaji hao wa kale wa nyanda za kati hakuna walioacha alama iliyo karibu zaidi na maisha ya kila siku kuliko waliozikwa katika pango la Mto Njoro, si mbali na Nakuru, ambalo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walilifukua mwaka 1938. Maiti zilikuwa zimechomwa moto, na pamoja nazo yalipatikana mabakuli ya mawe, michi na shanga nyingi za mawe ya rangi. Kwa kawaida vitu vya miti na mimea huoza na kupotea, lakini moto ulioichoma miili ulivigeuza kuwa mkaa vitu kadhaa ambavyo vingeoza, miongoni mwake chombo cha mti kilichonakshiwa kwa ustadi na vipande vya kibuyu. Kibuyu peke yake hakithibitishi kwamba kilibeba maziwa, kwani hubeba maji, asali na unga pia. Lakini kinaonyesha kwamba miaka ipatayo elfu tatu iliyopita chombo hiki, ambacho bado hutundikwa katika nyumba za wafugaji wa Bonde la Ufa, kilikuwa na thamani ya kutosha kumsindikiza mtu kaburini.

Ushahidi wa maziwa yenyewe umetoka mahali pengine, tena padogo mno. Ukoga wa meno ukikaa bila kusuguliwa hugandamana ukawa mgumu kama jiwe, na ndani yake hunasa chembe za chakula ambazo hudumu maelfu ya miaka baada ya mtu kufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta protini za maziwa katika ukoga wa watu wa kale wa Sudan walioishi miaka 6,000 hivi iliyopita, na pia katika meno yaliyofukuliwa katika kilima cha Lukenya, kusini-mashariki ya Nairobi, ambako protini zilizotambuliwa zilitoka kwa mbuzi na mwenye meno hayo aliishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mwaka mmoja kabla yake, mafuta yaliyofyonzwa na vigae vya vyungu vya wafugaji wa kale, vikiwemo vya Luxmanda katika mkoa wa Manyara, yalikuwa yamekwisha kuonyesha kwamba vyungu hivyo vilipika nyama, mifupa na mimea, na kwamba maziwa pia yalipita ndani yake.

Hapa ndipo mfuatano wa matukio unapodhihirika. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Mary Prendergast ilichapisha uchunguzi wa DNA, yaani kemikali inayobeba urithi ndani ya seli, ya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, wengi wao wakiwa wafugaji. Katika wote ambao sehemu husika ya urithi wao ilisomeka, ni mmoja tu, aliyezikwa katika pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliyekutwa na badiliko linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya laktosi. Waliobaki walichunga, walikama na, kwa ushahidi wa vyungu na wa meno ya Lukenya, jamii za aina yao zilikula maziwa, lakini miili yao ilikuwa bado ile ya zamani. Kwa karne nyingi jamii nzima iliishi kwa chakula ambacho utumbo wa mtu mzima haukuwa umejiandaa kukipokea.

Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na ujuzi, na ujuzi huo unaweza kutazamwa hata leo katika jamii zinazougandisha mursik, maziwa ya Wakalenjin. Kibuyu kirefu kiitwacho sotet huoshwa na kukaushwa, kisha kijinga cha mti uliochaguliwa, mara nyingi ule uitwao senetwet, huingizwa ndani kikiwa kinawaka na kusuguliwa kwenye kuta za kibuyu mpaka mkaa wake usagike na kuzifunika kwa rangi ya kijivu iliyoiva, na moshi wake uingie katika vinyweleo vya ganda. Baada ya majivu kukung'utwa, maziwa humiminwa, mdomo wa kibuyu hufunikwa, na chombo huwekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa au majuma. Ndani ya kibuyu bakteria wazalishao asidi hufanya nje ya mwili kazi ambayo laktasi ingeifanya ndani yake: hula laktosi na kuigeuza asidi, maziwa hushika ukali na kuganda, na kiasi cha sukari kinachomfikia mnywaji hupungua sana. Mtindi wa Tanzania na maziwa lala ya Kenya hufuata kanuni hiyo hiyo, na samli, ambayo ni mafuta yaliyotengwa na maziwa, karibu haina laktosi kabisa. Wanawake waliovitunza vibuyu hivi hawahesabiwi katika vitabu vya biolojia, ingawa ni kazi ya mikono yao iliyowapa wafugaji chakula kwa muda wote ambao jeni ilikuwa bado haijaenea.

Badiliko lililoenea hatimaye lilitambuliwa mwaka 2007, pale Sarah Tishkoff na wenzake walipochapisha matokeo ya kazi yao miongoni mwa watu 470 kutoka jamii 43 za Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mpimwaji alikunywa gramu 50 za laktosi zilizoyeyushwa katika maji, kisha sukari ya damu yake ikapimwa mara kwa mara kwa muda wa saa moja, kwa kuwa glukosi ikipanda ni dalili kwamba laktosi imevunjwa. Wanasayansi walipolinganisha vipimo hivyo na urithi wa watu wale wale, waliona kwamba wengi wa wenye uwezo, hasa Tanzania na Kenya, walikuwa na badiliko la herufi moja tu ya DNA, ambapo G imekuwa C, mahali palipo umbali wa herufi 14,010 kabla ya jeni ya laktasi. Badiliko lenyewe limekaa ndani ya jeni jirani na hufanya kazi kama swichi, likiizuia jeni ya laktasi isizimwe utotoni. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800, na sehemu ndefu ya kromosomu inayolizunguka ilikutwa bado haijachanganyika, jambo linaloonyesha kwamba lilienea kwa haraka. Herufi hiyo si ile iliyogunduliwa Finland mwaka 2002, na Uarabuni, ambako watu waliishi kwa maziwa ya ngamia, kuna nyingine tofauti iliyofanya kazi hiyo hiyo. Yaani palipokuwa na desturi ya namna moja, mwili ulipata majibu ya namna moja kwa njia mbalimbali. Hata hivyo Wahadza wa Ziwa Eyasi, wawindaji wasiofuga, nao wamo walioonekana kuimeng'enya laktosi, na hilo linatosha kuwaonya wanaotaka kila jeni iwe na hadithi moja iliyonyooka.

Swali gumu ni kwa nini lilienea kwa kasi hiyo, kwa maana tumbo kuunguruma hakumuui mtu wala hakumzuii kuzaa. Uchambuzi mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia karibu mabaki 7,000 ya mafuta ya wanyama kutoka katika vyungu vya kale, ulipendekeza kwamba mchujo haukufanya kazi siku za neema bali siku za njaa na maradhi. Mtu mwenye afya akiharishwa na maziwa hupona jioni. Mtu aliyekondeana kwa njaa, ambaye hana chakula kingine ila maziwa na amekwisha kupoteza maji ya mwili, anaweza kufa kwa kuhara kule kule. Historia ya karibu ya Wamaasai inaonyesha jinsi siku za namna hiyo zilivyokuwa. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe ulioingizwa pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ulifika nyanda za Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wao, ndui na ukame vikafuata, na Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita humo wakati huo, alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikufa. Katika nchi ambayo miaka ya aina hiyo imerudi mara nyingi kwa karne thelathini, hata tofauti ndogo baina ya tumbo na tumbo iliweza kuhesabika, na itakuwa ni dhuluma kuyataja mageuko hayo kama ushindi bila kutaja kwamba yalilipiwa kwa watoto waliokufa.

Malipo hayo yanaonekana wazi zaidi katika selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona katika safari yake ya utafiti ya mwaka 1949 kwamba jeni yake ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na adimu katika nyanda za juu, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, ilhali aliyeirithi kutoka kwa wote wawili huugua. Ukataji wa misitu na kilimo viliongeza madimbwi ya mbu, mbu wakaongeza malaria, na malaria ikaitunza jeni ambayo bila yake ingepungua. Hapa pia jembe lilitangulia na damu ikafuata.

Kwa mtazamo huo, mustakabali wa mageuko hauhitaji utabiri wa ajabu bali hesabu ya mambo yanayobadilika sasa. La kwanza ni vifo vya watoto, ambavyo ndivyo vilivyokuwa mkono mkuu wa mchujo: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta vifo 43 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, ambayo ni sehemu ndogo tu ya hali ya miaka ya 1990, na kila chandarua na kila chanjo huwaacha hai watoto ambao malaria au surua ingewachuja. Kadiri malaria inavyorudi nyuma, kinga ya selimundu inapoteza thamani na madhara yake peke yake ndiyo yanayobaki. La pili ni wingi wa malighafi. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya ya DNA yapatayo 60 au 70 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na katika idadi ya watu iliyovuka bilioni nane mwaka 2022 karibu kila badiliko la herufi moja ambalo mwili unaweza kulistahimili liko mahali fulani, ndani ya mtu fulani aliye hai leo. Wanaodhani kwamba mageuko yamekwisha wanachanganya mchujo uliolegea na malighafi iliyokauka, ilhali malighafi haijapata kuwa nyingi hivi. Tiba ya kuhariri jeni ya selimundu, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, hairekebishi hali hii kwa namna wengi wanavyofikiri, kwa sababu hubadilisha seli zinazozalisha damu ya mgonjwa bila kugusa mbegu za uzazi, na watoto wake wataendelea kurithi kile alichorithi yeye.

La tatu, na lenye uzito kuliko yote kwa Bonde la Ufa, ni kwamba desturi yenyewe inahama. Waturkana, ambao kwa asili hupata sehemu kubwa ya chakula chao kutokana na maziwa, damu na nyama, na ambao huishi katika nchi kavu ambamo kiu ni hali ya kila siku, walichunguzwa na timu ya watafiti wa Kenya na wa nje, na matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2025 yalionyesha kwamba jeni iitwayo STC1, inayosaidia figo kuhifadhi maji, imepitia mchujo mkali katika historia yao. Utafiti uliotangulia wa mwaka 2020 ulikuwa umeonyesha kwamba wale waliohamia mijini, ambako chakula ni unga, sukari na mafuta ya kupikia, walikuwa na afya duni zaidi ya moyo na ya umetaboli kuliko ndugu zao waliobaki machungani, na kwamba waliozaliwa mjini ndio walioathirika kuliko wote.

Kusubiri mwili ujirekebishe kwa chakula hicho kipya kama ulivyojirekebisha kwa maziwa ni kusubiri bure. Kisukari na shinikizo la damu kwa kawaida huua baada ya mtu kumaliza kuzaa, kwa hiyo mchujo hauna mahali pa kushika, na hata pale ungeshika, badiliko la laktasi lilihitaji zaidi ya vizazi mia moja kufika lilipofika leo. Mtoto anayezaliwa mwaka huu Lodwar, mji wa Waturkana, ana figo zilizochaguliwa na kiu ya mababu zake, na huenda ana ile herufi ya laktasi inayodhaniwa kuchaguliwa na njaa yao, lakini chupa ya soda iliyo dukani jirani haina maelfu ya miaka ya ujuzi wa kibuyu nyuma yake. Katika vijiji vya machungani vya kaskazini, ambako ukame wa miaka ya karibuni umewamaliza ng'ombe, kaya zaidi na zaidi zinafuga ngamia, na vibuyu na vyombo vya mti vilivyobeba maziwa ya ng'ombe sasa vinafukizwa moshi kwa ajili ya maziwa yao.